Mkalimani wa Sinema ya Mchana

Mzungu wa kwenye sinema alipombusu mkewe, Mkalimani alituambia kwamba anamnong'oneza habari za mvua. Sisi kina mama wa Ruiru tulitazama mabusu kadhaa ndani ya stoo ya kahawa ya shamba tulilofanyia kazi, na kila mara tukaambiwa ni mvua, mpaka siku moja mama mkwe wangu akauliza mbele ya watu wote ni nchi gani hiyo ambako habari za mvua haziwezi kusemwa mtu akiwa amesimama mbali kidogo. Mkalimani hakubabaika. Alisema ni nchi yenye upepo mkali, na mke yule alikuwa na taabu ya masikio.

Jina lake sitaliandika, kwa sababu sikumbuki mtu aliyelitumia. Mkewe kule Ngoliba alimwita Mkalimani, watoto wake walimwita Mkalimani, na mbuzi wake wangekuwa na maneno nadhani wangemwita hivyo hivyo. Nilimjua katika miaka ya hamsini, siku zile serikali ilipotangaza hali ya hatari, tulipokuwa tumekusanywa vijijini na kafyu inatuingiza ndani kabla kuku hawajalala. Mtu akisema sinema leo, watu hufikiria giza. Yetu ilikuwa ya saa nane mchana, Jumapili moja kila mwezi, kwa ruhusa ya serikali iliyobandikwa mlangoni. Gari la misheni lilitoka Thika likiwa na mashine, injini yake ya petroli na shuka jeupe la kutundika ukutani. Wanaume walipanda ngazi wakaziba madirisha ya stoo kwa magunia. Lakini mabati yalikuwa na matundu ya misumari, na jua la saa nane halina adabu, kwa hiyo vidoa vya mwanga vilianguka kwenye shuka na kucheza juu ya uso wa kila mzungu. Mkalimani alitueleza kwamba kule kwao vimulimuli hutembea mchana.

Aliyeiendesha mashine alikuwa mmisionari mmoja mrefu tuliyemwita Bwana wa Mashine. Kiswahili chake kilimtosha kusalimia na kuomba maji ya rejeta ya gari. Yote yaliyobaki alimwachia Mkalimani, naye akayapokea kama mtu aliyeachiwa shamba la baba yake.

Mimi nilikuwa mwanzilishi wa nyimbo kwenye kwaya ya kanisa. Kazi yetu katika sinema ilikuwa kuimba wakati rili, yale magurudumu ya filamu, zinabadilishwa. Rili moja ikiisha, Bwana wa Mashine aliinama na mkebe wake, nasi tukasimama. Mambo yakienda vizuri, beti nne zilitosha. Filamu ikikatika, tuliimba sita. Na tulikuwa na wimbo mmoja wa beti kumi na moja tuliouweka akiba kwa siku ambayo injini ingekataa kabisa.

Mkalimani alikuwa mtu mfupi, mwembamba, mwenye koti la jeshi lililomfika magotini. Alirudi nalo kutoka vita vya dunia kule Burma pamoja na Kiingereza chake, ambacho kilikuwa Kiingereza cha kuamrisha. Nilimsikia mara moja akimwuliza Bwana wa Mashine kama angependa chai, na kwa ile sauti ungedhani anamwambia aweke silaha chini. Mwili mdogo ule ulikuwa na koo la ng'ombe dume. Hata hivyo alijitengenezea bomba la kupazia sauti kwa bati la debe la mafuta ya taa, akawa anazungumzia humo, na watoto wachanga waliacha kunyonya wakageuka kumtazama.

Alikuwa Mkamba, lakini Kikuyu alikisema vizuri kumshinda mume wangu, jambo ambalo mume wangu hakulipenda. Ndani ya stoo Wakikuyu tulikaa upande wa kushoto na Wakamba upande wa kulia, bila mtu kutuambia. Mkalimani alitafsiri kwa Kiswahili, akinyunyiza Kikuyu hapa na Kikamba pale, na kila upande ulicheka kwa zamu yake, kisha upande wa pili ukacheka kwa sababu wa kwanza umecheka. Kila mtu kwenye shuka alipata sauti yake. Mmisionari alisema kama meneja wa shamba letu. Mkewe alisema kama mwalimu wa Shule ya Jumapili aliyekosa usingizi. Hata mbwa hakuachwa. Mbwa alipobweka mara tatu, Mkalimani alitufafanulia kwamba anauliza kama wamemwekea mfupa.

Alikuwa na mambo yake. Hakukubali kiti chenye mgongo, alisema kinafundisha uvivu. Hakunywa chai kabla ya kazi. Mahubiri ya Bwana wa Mashine, ambayo yeye ndiye aliyepaswa kuyatafsiri, aliyalalia usingizi amesimama wima, kichwa kikiwa ndani ya kola ya koti. Ilibidi nimguse kwa kiwiko. Akiamka, alitafsiri kipande chote kilichopita bila kosa, nasi tukashangaa karama hiyo mpaka tulipogundua kwamba Bwana wa Mashine alikuwa na mahubiri yale yale kila mwezi.

"Maneno ya mtu ni mzigo wa mtu," alipenda kusema. "Ukiubeba, ufikishe, hata kama ndani ni mawe." Lakini hakuna aliyefungua mizigo ya watu njiani kama yeye. Alitoa mawe akatia ndizi. Mmisionari kwenye shuka akisema neno moja, Mkalimani alitupa matano, na mawili kati ya hayo yalikuwa mashauri kuhusu kunawa miguu.

Filamu zilikuwa nyingi, lakini iliyorudi mara kwa mara ilikuwa moja, maana Bwana wa Mashine aliipenda. Ilikuwa na rili tatu. Katika ya kwanza, mmisionari na mkewe wanafika nchi ya milima ambako makabila mawili yanauana kwa ajili ya kisima. Wanajenga nyumba katikati yao, wanafundisha, wanatibu vidonda. Katika ya pili, vijana wa kabila moja wanamshuku mmisionari kwamba anawasaidia wenzao, wanamvizia njiani na kumuua. Katika ya tatu, vijana wale wale, wakiwa na njaa na wakitafutwa, wanafika mlangoni kwa mjane bila kujua waende wapi. Naye anatoka na birika. Anawamwagia maji mikononi, mmoja mmoja, kisha anawakaribisha mezani.

Tuliijua yote, na bado tulilia. Tulipotoka, nimeona kwa macho yangu majirani wawili waliokuwa hawasemezani kwa sababu ya ua wa miiba ya kayaba wakishikana mikono mlangoni, kila mmoja akitaka mwenzake ndiye asamehewe kwanza. Hiyo ilikuwa kazi ya Mkalimani. Pale kwenye birika alishusha sauti, akaacha bomba, akasema maneno ya yule mama kwa upole ambao hatukujua ameuweka wapi siku nyingine zote.

Ila kuna kitu nilikiona kutoka mahali pa kwaya, kwa sababu sisi tulikaa mbele. Rili ya pili ilipoingia, Mkalimani alifunga macho. Aliipa shuka mgongo, akatafsiri mauaji yale kwa kichwa, bila kupitwa, mpaka yalipoisha. Halafu akafungua macho na kuniomba maji ya kunywa.

Nilijua kwa nini. Shamba zima lilijua.

Kabla ya hali ya hatari, mwaka mmoja wa ukame, vibarua Wakikuyu na Wakamba wa shamba letu walipigana kwa ajili ya zamu ya maji ya mfereji. Walipigana nusu siku, kwa marungu na mawe. Vumbi lilipotulia, kijana mmoja wa Kikamba alikuwa amekufa. Alikuwa mdogo wake Mkalimani, kitinda mimba wa mama yao, ambaye Mkalimani mwenyewe ndiye aliyemtafutia kazi pale. Rungu lililompiga lilikuwa mkononi mwa kaka mdogo wa mama mkwe wangu. Hakukana. Alifungwa, akamaliza kifungo chake, akarudi akiwa mtu wa maneno machache, na akapewa kazi ya kulinda stoo ya kahawa.

Kwa hiyo kila Jumapili ya sinema, mlango ambao Mkalimani alipaswa kuingia ili atufundishe msamaha ulifunguliwa na mtu huyo.

Huyu naye tulimwita Mlinzi tu. Alikuwa mrefu, mpana, mwenye mikono mikubwa ambayo hakujua aiweke wapi. Mkalimani hakumsalimia wala hakumsemesha. Lakini kazi ilikuwa na mahitaji yake, mlango na ngazi na magunia, basi wakanitumia mimi katikati, kwa sababu nilikuwa mkwe upande mmoja na mtu wa kwaya upande wa pili.

"Mama Njoki," Mkalimani aliniambia, "mwambie mwenye ufunguo afungue."

Mlinzi alikuwa hatua mbili kutoka hapo, ufunguo mkononi. Nikageuka. "Anasema ufungue."

"Mwambie ni wazi tangu saa sita," Mlinzi akanijibu.

"Anasema ni wazi tangu saa sita."

"Mwambie asante," akasema Mkalimani, akapita huku akitazama ukuta.

Wote watatu tulikuwa tunasema Kiswahili kile kile. Kwa muda mrefu mimi nilikuwa mkalimani wa Mkalimani, na sikulipwa hata sabuni. Watu walitucheka, nami nilicheka nilipofika nyumbani. Lakini pale mlangoni haikuwa ya kuchekesha. Huyu mmoja alisema asante hata ndani ya chuki, na yule mwingine alikuwa amefagia stoo tangu alfajiri ili mwenzake asipate vumbi kooni.

Mlinzi hakukosa sinema hata moja. Alikaa juu ya debe karibu na mlango, nyuma ya watu wote. Ilipofika mahali pa birika, aliinuka akatoka nje, akasema anakwenda kuangalia ngazi. Ile ngazi iliangaliwa kuliko ng'ombe wa maziwa.

Mama mkwe wangu lilimuuma jambo hili kuliko wote. Yule mwenye rungu alikuwa kaka yake, na yule aliyefiwa alikuwa mtu aliyemchekesha. "Mganga hajigangi," alisema kila mara gari la misheni lilipoondoka. Siku moja nilijitia ujasiri nikamwuliza Mkalimani mwenyewe, tukiwa tunakunja shuka. Nilimwambia, wewe umewapatanisha watu wangapi hapa, na yule hata jina lake hulitaji.

Alikunja pembe yake ya shuka vizuri sana kabla ya kunijibu. "Yule mama wa sinema ameandikiwa asamehe," alisema. "Mimi hakuna aliyeniandikia. Na damu ni nzito kuliko maji, Mama Njoki." Sikumwuliza tena.

Sasa nije kwenye kosa langu, maana limo humu na sitaki kulizunguka.

Mwezi mmoja gari la misheni liliharibika pale pale Ruiru baada ya sinema, likavutwa mpaka Thika. Bwana wa Mashine aliogopa kuiacha mikebe ya filamu ile ndani ya gari mikononi mwa mafundi, akaomba ilale nyumbani kwetu mpaka mwezi ujao. Mikebe mitatu ya bati, bapa, mikubwa kama sinia, yenye vumbi jekundu la kwetu lililoshikana mpaka kwenye kingo. Juu ya kila kifuniko kulikuwa na namba iliyoandikwa kwa chaki, kwa sababu karatasi zake zilikuwa zimebanduka zamani.

Mama mkwe wangu alikuwa na sheria moja maishani, kwamba chombo cha mgeni hakirudi kichafu wala hakirudi kitupu. Mikebe haikuwa mitupu, hilo lilimtuliza. Lakini vumbi! Siku nilipokwenda mtoni, aliitoa nje, akaifunga kwa kanga ili maji yasiingie kwenye ukingo, akasugua vifuniko kwa majivu na gunzi la mahindi. Niliporudi, mikebe ilikuwa imeegemezwa kivulini kwenye kichanja, karibu na sufuria zetu, inang'aa mpaka nikajiona uso.

"Maitu," nilimwambia, yaani mama kwa Kikuyu, "kulikuwa na namba."

"Kulikuwa na uchafu mweupe," akasema. "Nimeutoa nao."

Ningepaswa kumtumia habari Bwana wa Mashine. Badala yake niliipanga kwa kukumbuka, huu ulikuwa na bonde kidogo pembeni, huu sijui, huu pengine. Nikanyamaza. Kumsema mama mkwe kwa mzungu, na hali alifanya heshima, sikuweza.

Jumapili ilifika. Bwana wa Mashine alipoiona mikebe alifurahi, akaigonga kwa kidole, akasema safi sana, safi sana, akampa mama mkwe mkono. Baadaye nilimwona akiugeuza mmoja juu chini, akitafuta kitu. Lakini watu walikuwa wamejaa, injini inanguruma, naye alikuwa mtu wa imani.

Rili ya kwanza ilikuwa ya kwanza kweli, nikamshukuru Mungu. Mmisionari akafika, akajenga, akanong'ona habari za mvua. Tukaimba beti nne. Kisha mashine ikaanza tena, na kwenye shuka akatokea mjane amevaa nguo nyeusi.

Mkalimani alikuwa tayari amefunga macho na kufungua mdomo, anangoja mshindo wa mkuki. Aliposikia kinanda cha huzuni, aligeuka kutazama. Halafu akachukua bomba lake.

"Huyu mama amefiwa na mume," alisema. "Msiniulize vipi."

Watu wakaanza kucheka. Vijana wakafika mlangoni kwa mjane, naye akatoka na birika.

"Na hao anaowanawisha ni nani?" akauliza mama mkwe wangu.

"Ni wageni."

"Wamefanya nini?"

"Bado hawajafanya," akasema Mkalimani.

Stoo ilipasuka. Watu walicheka mpaka vumbi la kahawa likashuka kutoka kwenye boriti, Wakikuyu na Wakamba pamoja, wala si kwa zamu. Nami nilicheka, Mungu anisamehe, ingawa nilijua kosa ni langu. Hata Mlinzi alisahau kutoka nje.

Tukaimba tena. Kisha ikaja ile iliyobaki.

Mtu ambaye si wa kwetu huenda asielewe kilichotokea ndani ya stoo wakati huo. Kwa Mkikuyu na kwa Mkamba ni mamoja, mtu aliyekunawisha mikono na kukulisha nyumbani kwake humwinulii mkono mpaka kufa. Na tazama, hawa hawa vijana, nyuso hizi hizi, tumewaona sasa hivi wakinawishwa na kula. Sasa wamejificha kwenye majani wakimngoja mume wa yule mama. Kicheko kilikufa kidogo kidogo. Mkalimani alikuwa amefunga macho kama kawaida yake, anatafsiri kwa kichwa, kwa hiyo hakuziona sura za watu. Sauti yake iliendelea vizuri tu, mkuki ukaruka, mtu akaanguka, rili ikaisha. Shuka likabaki jeupe.

Kijana mmoja wa Kikamba akasimama. "Ndivyo walivyo hawa," alisema. "Unawanawisha, wanakula, halafu wanakuua." Hakuwa anatazama shuka. Alikuwa anatazama mlangoni.

Upande wa kulia mbao za kukalia zikalia, watu wakainuka. Upande wa kushoto nao wakainuka. Niliona mkono wa mume wangu ukienda kwenye reki la mbao la kugeuzia kahawa lililoegemezwa ukutani, na mume wangu hakuwa mtu wa fujo. Bwana wa Mashine alianza kuzungusha rili nyuma kwa haraka akisema subirini, subirini, na hapo injini nayo ikazima. Tukabaki na vile vidoa vya jua kutoka kwenye matundu ya misumari. Nikaanzisha ule wimbo wa beti kumi na moja. Nilipofika ubeti wa pili hakuna aliyeupokea, nikauacha.

Mlinzi alikuwa amesimama kando ya debe lake. Hakukimbia, ingawa mlango ulikuwa mgongoni mwake. Alikuwa ameiacha mikono yake ikining'inia tu.

Mama mkwe wangu akainuka kwa taabu, akishika bega langu.

"Mkalimani," alisema, "hiyo haiwezi kuwa mwisho."

"Mwisho ulishapita, mwaitu," akamjibu kwa Kikamba cha heshima, kama anavyomwita mama yake. "Mliuona."

"Tuliuona tukicheka. Uturudishie."

Alitazama mashine, ilikuwa imekufa. Alitazama shuka, halikuwa na kitu. Niliona, nami nilikuwa karibu kuliko wote, jinsi alivyolitazama shuka lile tupu kwa muda mrefu. Kisha akaweka bomba chini. Akachukua birika letu la kwaya lenye maji ya kunywa, akashuka katikati ya watu, na watu wakampisha bila kujua anakwenda kufanya nini. Akafika mlangoni. Kichwa chake kilimfika Mlinzi kifuani.

"Lete mikono," akasema.

Mlinzi hakusogea. Na mimi, kwa mazoea ya miaka, nikafungua mdomo kutoka kule mbele. "Anasema ulete—"

"Nyamaza, Mama Njoki. Amesikia."

Mlinzi akainyoosha. Maji yakawa yanaanguka kwenye viatu vya Mkalimani zaidi ya yaliyoanguka mikononi. Mkalimani alimwaga polepole. Alimnawisha mkono wa kushoto, akamnawisha wa kulia, akarudi wa kushoto, mpaka birika likaisha. Mlinzi alikuwa analia kwa sauti, mtu mzima yule. Mkalimani aligeuka akasema, kwa sauti yake ya kuamrisha, "Leteni mengine." Mtu akakimbia kuleta. Nadhani alikuwa yule kijana wa Kikamba aliyesimama, na kama si yeye basi alikuwa mwenzake, kwa sababu nilipomtafuta hakuwa mahali pake.

Mama mkwe wangu akapiga vigelegele vitano, vile vya mtoto wa kiume aliyezaliwa. Kina mama wa Kikamba wakaitikia kwa vyao. Tukauimba ule wimbo, beti zote kumi na moja, na tulipoumaliza tukaurudia. Bwana wa Mashine alicheza pia, vibaya, akikanyaga waya. Baadaye alituambia kwamba filamu ile ina nguvu hata ikionyeshwa kinyume, na mwezi uliofuata mikebe ilirudi na namba zilizoandikwa kwa rangi nyekundu.

Sitadanganya kwamba kuanzia hapo walikuwa kama pete na kidole. Walisalimiana, basi. Mkalimani bado alianza, "Mama Njoki, mwambie," kisha akajikumbuka, akakohoa, akasema mwenyewe. Nami nilikosa ile kazi yangu kidogo, kama mtu anavyokosa jino bovu.

Nilimwona mara ya mwisho miaka mingi baadaye, tukiwa tumeshapata uhuru na Njoki wangu ana watoto. Nilikuwa nimekwenda Thika, nikapita kwenye maporomoko ya Chania, kando ya hoteli moja ya zamani. Nikasikia koo la ng'ombe dume likiwaeleza wageni fulani kwamba maji ya upande huu na ya upande ule yaligombana zamani, na ukisikiliza vizuri utasikia bado yanalaumiana. Wageni walikuwa wanaandika. Koti lilikuwa lile lile.

Tulikaa juu ya jiwe, akakataa benchi kwa sababu lilikuwa na mgongo. Mama mkwe wangu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo niliona naweza kuutua mzigo wangu. Nikamwambia habari ya majivu na gunzi.

"Nilijua," alisema. "Majivu yalikuwa yamebaki kwenye kingo za vifuniko. Nikasema, hiyo ni kazi ya mwanamke msafi, tusimwaibishe." Alicheka mpaka akashika magoti. Kisha akasema, "Na mimi nina langu. Siku ile sikumsamehe."

Nikamwuliza lile birika lilikuwa la nini basi.

"Watu walikuwa wananingoja. Rili haikuwepo, nikawapa. Nilirudi Ngoliba na hasira kubwa kuliko niliyokuja nayo, nikamwambia mke wangu kwamba ile mikono ni mizito, na maji yalikuwa machache. Nilitafsiri kitu ambacho mwenyewe nilikuwa sijakisikia."

Nilihisi kama mtu ameninyang'anya kitu. Miaka yote ile nilikuwa nimewasimulia watu siku ya birika, makanisani, misibani, kwa wanangu. Nikamwuliza, kwa ukali kidogo, kama basi alisamehe lini.

Akasema mtu uliyemnawisha mbele ya watu huwezi kumnyima salamu. Ukimpa salamu, siku nyingine ataongezea habari za mvua. Mlinzi alipoacha kazi ya stoo, alisikia kwamba Ngoliba hakuna maji, akaja bila kuitwa, na jembe lake na sururu, kumsaidia kuchimba kisima. Walichimba wiki tatu. Mkalimani ndiye mfupi, kwa hiyo aliingia shimoni. Mlinzi mwenye nguvu alibaki juu na kamba.

"Siku moja niko chini kabisa," alisema, "nimefika kwenye udongo wenye unyevu. Nikatazama juu. Nikauona uso wake kwenye kile kiduara cha mwanga, na kamba yangu mikononi mwake. Mikono ile ile, Mama Njoki. Ndipo nikagundua kwamba asubuhi yote sikuwa nimekumbuka kuogopa."

Wageni wengine walikuwa wanateremka kuja kwetu. Nikamshika mkono wa koti asije akaondoka kabla ya kumaliza.

"Ukafanya nini?"

"Nilimwita. Nikasema, 'Wewe!' Akasema, 'Nini?'"

"Halafu?"

"Nikamwambia, 'Vuta.' Akavuta."